Kutambua Tatizo la Lishe kwa Minyanya ya Ndani Inayokuzwa kwa Maji Wakati wa Maua

Mnyanya, au mtungule kama tunavyouita wengi wetu hapa Pwani, hubadilika tabia siku unapofungua kichala chake cha kwanza cha maua. Mpaka siku hiyo ulikuwa ukijenga shina, majani na mizizi, na kosa dogo la lishe liliweza kufichika kwa sababu mmea ulikuwa na akiba. Maua yakishatunga, matunda huanza kuvuta sukari na potasiamu kwa nguvu, mizizi hupata mgawo mdogo kuliko zamani, na upungufu uliojificha kwa majuma kadhaa hujitokeza kwa siku chache tu. Hapo ndipo majani ya chini yanapogeuka manjano, maua yanapopukutika, na mkulima anapokimbilia dukani kununua chupa ya mbolea ya maua.

Naomba usikimbilie dukani. Nimekuza minyanya katika chumba cha nyuma huko Kisauni, Mombasa, kwa misimu kadhaa, mingine katika ndoo zenye makumbi ya nazi na mingine katika maji ya lishe pekee yanayopulizwa hewa, na imenibidi nikubali kwamba mara nyingi mbolea niliyoiongeza ndiyo iliyoidhuru mimea. Katika mji huu, tatizo linaloonekana kwenye jani aghalabu limeanzia kwenye maji: chumvi yake, ugumu wake au joto lake. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na maji, unashuka kwenye mizizi, na ndipo unapanda kwenye majani, na nakusihi uufuate kwa mpangilio huo hata kama jani la manjano liko mbele ya macho yako.

Hatua ya kwanza: yajue maji kabla hayajatiwa chochote

Maji ya mfereji yanayofika Mombasa hutoka mbali na kwa njia zaidi ya moja: chemchemi za Mzima kule Tsavo, visima vya Baricho kando ya Mto Sabaki, chemchemi za Marere katika Shimba Hills, na visima vya Tiwi upande wa kusini. Mfereji ukikauka, wengi wetu hutegemea kisima cha mtaa au mitungi ya lita 20 inayoletwa kwa mkokoteni, na si kila mwenye mkokoteni atakuambia amechota wapi. Kisiwa chenyewe na sehemu kubwa ya ukanda wa pwani vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji yanayopita humo hubeba kalsiamu na baikaboneti, na visima vilivyo karibu na bahari huongezewa chumvi ya kawaida, yaani sodiamu na kloridi.

Chukua kipima EC, chombo kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme kutokana na chumvi zilizomo, na upime maji matupu. Tarakimu zote za EC katika mwongozo huu ni za millisiemensi kwa sentimita. Maji yaliyo chini ya 0.5 ni mazuri. Kati ya 0.5 na 1.0 yanatumika kwa uangalifu, yakipita 1.0 ni lazima uyachanganye na maji ya mvua au utafute chanzo kingine. Pima kila unapoletewa maji mapya, si mara moja kwa mwezi, kwa maana mtungi wa Jumatatu na mtungi wa Alhamisi huenda vikawa vya visima viwili tofauti.

Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu kipima EC hakitofautishi lishe na chumvi ya bahari. Tuseme maji yako ya kisima yana EC ya 1.2 na unataka maji ya lishe yenye 2.5. Utatia mbolea mpaka kipimo kisome 2.5, na utaridhika, lakini ukweli ni kwamba mbolea iliyoingia ni ya 1.3 tu, na kilichobaki ni chumvi ambayo mmea hauihitaji. Mmea huo utaonyesha dalili za njaa na dalili za kuungua kwa wakati mmoja, kingo za majani zikikauka huku majani ya chini yakipauka, na mkulima asiyepima maji matupu hatajua aongeze au apunguze. Nimeona watu wakihangaika na jambo hili kwa msimu mzima.

Ugumu wa maji unaweza kuujua hata bila chombo. Tazama ndani ya birika unalochemshia maji ya chai: likifanya ukoko mweupe haraka, maji yako yana baikaboneti nyingi, nayo yatakuwa yakipandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) ya tangi la maji ya lishe siku baada ya siku. Maji yenye ladha ya chumvi lakini yasiyofanya ukoko mwingi yana tatizo la sodiamu, ambalo ni gumu zaidi, kwa kuwa hakuna kitu cha kutia tangini kitakachoiondoa. Dawa yake ni kuyachanganya na maji safi. Kinga maji wakati wa mvua ya masika kadiri uwezavyo, ukiacha mvua ya mwanzo ioshe vumbi na chumvi inayoletwa na upepo wa bahari juu ya bati. Maji ya mvua yana EC inayokaribia sifuri, hivyo nusu kwa nusu na maji ya kisima hupunguza chumvi kwa nusu. Kumbuka tu kwamba maji ya mvua hayana kalsiamu wala magnesiamu, na kwamba ukihama kutoka maji ya mfereji kwenda maji ya mvua bila kubadilisha kipimo cha mbolea, unaweza kujitengenezea upungufu ambao hukuwa nao.

Hatua ya pili: pima tangi, kisha ufuate mwenendo wake

Kabla ya kuamini kipima pH, kisahihishe kwa maji maalumu ya pH 4 na pH 7, kwa sababu vyombo vya bei nafuu hupotoka upesi katika joto na unyevu wetu. Kwa minyanya inayochanua, pH ya 5.8 hadi 6.3 ndiyo inayofaa. Kuhusu EC, vitabu vya nchi za baridi huruhusu mpaka 3.5 na zaidi wakati wa matunda, lakini katika chumba chenye joto la nyuzi 30 mmea hunywa maji mengi, na mimi hubaki kati ya 2.0 na 2.5. Nikipita hapo wakati wa kaskazi, ncha za majani huungua.

Kipimo cha siku moja hakitoshi. Weka alama ya kina cha maji kwenye tangi, kisha kwa asubuhi tatu mfululizo andika kina, EC na pH kwa saa ileile. Maji yakipungua huku EC ikipanda, mmea unakunywa maji na kuacha chumvi, maana yake lishe ni kali mno; ongeza maji matupu. Maji yakipungua na EC ikishuka, mmea una njaa na unaweza kuongezewa. Vyote viwili vikisimama pale pale, yaani maji hayapungui wala EC haibadiliki, mizizi haifanyi kazi, na hapo usipoteze muda kwenye majani bali ruka uende hatua ya tatu.

pH kupanda polepole ni jambo la kawaida, kwa kuwa mmea ukivuta nitrati, ambayo ni aina ya naitrojeni, huacha maji yakielemea upande wa alkali, na baikaboneti ya maji yetu husukuma upande huohuo. Ikipita 6.5, madini ya chuma na manganizi hushindwa kuingia mizizini ingawa yamo tangini, na jani changa hugeuka manjano kana kwamba hukutia mbolea kabisa. Shusha kwa asidi ya fosforiki inayouzwa kwa ajili ya kilimo, kidogo kidogo, ukivaa glavu na miwani, na daima tia asidi ndani ya maji, kamwe usitie maji ndani ya asidi. Ndimu na siki hushusha pH kwa siku moja au mbili tu, kisha vijidudu huzila na pH hurudi ilikokuwa, na wakati huohuo umevilisha vijidudu ambavyo hukuvitaka. pH inayoporomoka ghafla ni ishara nyingine: ama mbolea yako ina amonia nyingi, ama mizizi imeanza kuoza.

Mwisho wa hatua hii, tia mkono mpaka chini ya tangi. Ukigusa unga mweupe kama wa chokaa, basi kalsiamu yako imeganda na salfeti au fosfati, na mmea hauwezi kuitumia. Hutokea pale mbolea kali za aina mbili zinapochanganywa moja kwa moja. Kalsiamu nitrati hukaa katika mtungi wake, na salfeti na fosfati katika mtungi mwingine, na kila moja hutiwa katika tangi lililokwisha kujaa maji, moja baada ya nyingine huku ukikoroga.

Hatua ya tatu: mizizi na joto la maji

Inua mmea au fungua kifuniko cha ndoo. Mizizi yenye afya ni myeupe au ya rangi ya maziwa, na ukiivuta haikatiki ovyo. Mizizi ya kahawia iliyotiwa rangi na mbolea bado huwa migumu na haina harufu. Mizizi iliyooza huteleza mkononi, ganda lake huvuka na kuacha uzi, na harufu yake ni ya kinamasi. Mmea wenye mizizi ya namna hii hunyauka taa zikiwaka ingawa umesimama ndani ya maji, na huonyesha upungufu wa kila kitu kwa pamoja: chuma, fosforasi, kalsiamu. Ukikuta dalili tatu au nne zisizoelekeana kwenye mmea mmoja, shuku mizizi kabla ya kushuku mbolea.

Chanzo kikubwa hapa kwetu ni joto. Maji yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubeba kama 7.6, ilhali mizizi yenye joto huhitaji oksijeni nyingi zaidi na ukungu wa kuozesha mizizi hustawi. Lenga nyuzi 18 hadi 24, na ukishindwa, jitahidi usipite 26. Tangi kubwa hupata joto polepole kuliko dogo. Liweke sakafuni na mbali na taa, lifunike kwa kitu cheupe, na uzungushe ndani yake chupa za maji yaliyoganda, ukibadilisha asubuhi na alasiri. Hila ya mtungi wa udongo, ambao hupoza maji kwa kutoa jasho, haifui dafu sana katika hewa yetu yenye unyevu mwingi; niliijaribu kwa moyo wote na tofauti ilikuwa ndogo. Pampu ya hewa ifanye kazi usiku na mchana, na uwe na pampu ndogo ya betri kwa saa ambazo stima inapotea, kwa sababu mizizi iliyomo ndani ya maji ya moto yasiyopulizwa huanza kudhurika kwa muda wa saa chache tu.

Wanaotumia makumbi wana jambo la ziada. Tangu zamani makumbi ya nazi hufukiwa kwenye matope ya ufukweni ili yalainike na kutoa usumba wa kamba, na makumbi ya namna hiyo huja yamelowa chumvi. Hata yasiyofukiwa huwa na sodiamu na potasiamu ya asili, na yana tabia ya kuziachilia na kushika kalsiamu na magnesiamu badala yake. Mkulima hutia kalsiamu ya kutosha, kipimo cha tangi ni sahihi, na bado matunda yanaoza kitako kwa kuwa makumbi yameila kalsiamu kabla ya mzizi. Yaoshe mpaka maji yanayotoka yasome EC karibu na yale yaliyoingia, kisha yaloweke usiku kucha katika kalsiamu nitrati, gramu 5 hadi 10 kwa lita, na uyasuuze. Mmea ukiwa tayari umo ndani, pima maji yanayochuruzika chini ya ndoo: yakizidi yale unayotia kwa zaidi ya 1.0, chumvi imejikusanya, na unapaswa kumwagilia maji mepesi ya lishe mpaka sehemu kubwa itiririke nje.

Hatua ya nne: soma jani kwa mahali lilipo, kisha kwa sura yake

Ukifika hapa na maji ni sawa, pH ni sawa na mizizi ni myeupe, sasa jani lina habari ya kweli. Swali la kwanza ni moja tu: dalili imeanzia juu au chini? Naitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu ni lishe ambazo mmea unaweza kuzihamisha, kwa hiyo zikipungua huzinyang'anya kwa majani ya zamani na kuyapelekea machanga, na dalili huanzia chini. Kalsiamu, boroni, chuma, manganizi, zinki na shaba hazihamishiki kwa urahisi, na upungufu wake huonekana kwenye majani machanga na ncha ya kukua. Salfa iko kati kwa kati, ila mara nyingi huanzia juu.

Tukianza na chini: jani zima likipauka kwa usawa, pamoja na mishipa yake, na mmea wote ukionekana dhaifu, hiyo ni naitrojeni. Rangi ya zambarau chini ya jani na kwenye mishipa ni fosforasi, ingawa katika joto la Mombasa ni nadra na ukiiona chunguza mizizi kwanza. Kingo za jani zikianza kuwa manjano kisha zikakauka kama zilizochomwa, na ndani ya jani bado kuna kijani, hiyo ni potasiamu.

Magnesiamu nataka niieleze kwa kirefu, maana ndiyo inayonijia mara nyingi kuliko zote wakati wa maua. Jani la zamani, au la katikati ya mmea, hugeuka manjano katikati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani kibichi, na jani likitazamwa kwa mbali huonekana kama lina madoa ya marumaru. Huanza pale vichala viwili vya kwanza vinaponenepa. Sababu yake mara nyingi si kwamba magnesiamu haimo, bali potasiamu imezidi, kwa kuwa lishe hizi mbili hugombania mlango mmoja wa kuingilia mzizini, na kalsiamu iko katika ugomvi huohuo. Mbolea nyingi za maua ni potasiamu na fosforasi kwa wingi. Mkulima huona jani la manjano, huongeza mbolea ya maua, potasiamu hupanda, magnesiamu huzidi kufungiwa nje, jani huzidi kugeuka manjano, naye huongeza tena. Kwa hesabu, mnyanya unaozaa huhitaji naitrojeni ya miligramu 150 hadi 200 kwa lita, potasiamu kama mara moja na nusu hadi mbili ya hiyo, kalsiamu 150 hadi 200, na magnesiamu 40 hadi 60. Ukiwa na mbolea yenye maandishi ya asilimia kwenye mfuko, kaa chini na kalamu upige hesabu kabla ya kuongeza chochote.

Juu ya mmea, jani changa la manjano lenye mishipa myembamba ya kijani inayoonekana kama wavu ni upungufu wa chuma, na katika mji huu wa maji magumu sababu karibu kila mara ni pH. Angalia pia aina ya chuma unachotumia, yaani kemikali iliyokifunga ili kisigande majini, ambayo huandikwa kwenye mfuko: kilichofungwa kwa EDTA huanza kupotea pH inapozidi 6.5 hivi, cha DTPA huhimili mpaka karibu 7, na cha EDDHA huhimili zaidi ya hapo. Manganizi hufanana na chuma lakini umanjano wake si safi, una vidoadoa vya kijivu au kahawia. Zinki ikipungua majani huwa madogo na vifundo vya shina hukaribiana. Ncha ya kukua ikifa, majani machanga yakiwa yamekunjamana na kuvunjika kama karatasi kavu, shuku kalsiamu au boroni.

Naitrojeni ikizidi nayo ina sura yake: majani ya kijani kilichoiva karibu na weusi, mazito, yaliyojikunja kwa chini kama makucha, shina nene, na maua machache yanayoanguka. Mmea huo unapendeza machoni na hauzai.

Hatua ya tano: maua na matunda yenyewe

Ua likikauka na kukatika kwenye kifundo chake kidogo, wengi hulaumu fosforasi au boroni. Hapa Mombasa laumu kwanza joto. Chavua ya mnyanya hudhoofika joto la mchana linapopita nyuzi 32 hivi au la usiku linapobaki juu ya nyuzi 24, na katika miezi ya Januari hadi Machi chumba kisichopitisha hewa huvuka mipaka yote miwili. Kwa kuwa mwanga ni wa taa, unaweza kugeuza saa: washa taa usiku na uzizime mchana wakati wa jua kali, ili joto la taa lisijumlishwe na joto la nje. Sababu ya pili ni kwamba ndani ya nyumba hakuna upepo wala nyuki wa kutikisa ua. Gonga uzi unaoshikilia mmea, au tikisa kichala kwa mtetemo mwepesi, kila siku kabla ya saa sita za mwanga kupita. Unyevu wa hewa ukiwa mwingi sana chavua hunata na haimwagiki, kwa hiyo feni iwe inavuma.

Kuoza kwa kitako cha tunda, lile doa la kahawia linalozama na kuwa jeusi upande wa chini wa tunda bichi, husemwa ni upungufu wa kalsiamu, na ni kweli, ila kalsiamu hiyo imekosekana ndani ya tunda, si lazima iwe imekosekana ndani ya tangi. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa na majani yanapotoa mvuke. Tunda hutoa mvuke kidogo sana, hivyo hupata mabaki. Chumba kikiwa na hewa nzito iliyojaa unyevu, msafara wote hupungua. EC ikiwa juu, maji huingia kwa taabu. Potasiamu, magnesiamu au amonia ikizidi, mlango hubanwa. Pampu ikisimama mchana mmoja, tunda linalokua kwa kasi hukosa sehemu yake na seli za kitako hufa. Uharibifu huo hutokea tunda likiwa dogo, na wewe huuona siku kadhaa au hata majuma mawili baadaye, kwa hiyo ukitaka kujua chanzo soma daftari lako la juma lililopita na la kabla yake, si la leo. Tunda lililooza halitapona. Lichume ili mmea usipoteze chakula. Sitegemei kunyunyiza kalsiamu kwenye majani, kwa kuwa kalsiamu haitoki kwenye jani kwenda kwenye tunda.

Tunda linaloiva kwa mabaka, mabega yakibaki manjano au kijani kigumu, ni ishara ya potasiamu kidogo au ya joto kali la taa iliyo karibu mno.

Hatua ya sita: ondoa vile vinavyofanana na njaa

Geuza jani na ulitazame kwa kioo cha kukuzia. Vidoti vidogo vya manjano juu ya jani, pamoja na utando mwembamba kwa chini, ni utitiri mwekundu. Majani machanga yaliyojikunja kwa juu kama kijiko, madogo, yenye kingo za manjano, kwenye mmea uliodumaa, ni virusi vinavyoletwa na nzi weupe, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita rasta. Hakuna lishe itakayouponya, ung'oe mmea na uutoe nje umefungwa kwenye mfuko.

Taa nazo hudanganya. Jani lililopauka kwa mwanga mkali liko karibu na taa na limepauka pale mwanga unapopiga, wakati jani lenye upungufu wa chuma hupauka hata likiwa kivulini mwa lingine. Tena mnyanya hauvumilii mwanga wa saa 24: majani huwa na mabaka ya manjano ambayo mbolea haiyatibu. Saa 14 hadi 16 zinatosha, na zilizobaki ziwe giza kamili. Majani mawili au matatu ya chini kabisa, yaliyo chini ya kichala kinachoiva, huzeeka yenyewe. Yakate na usiyahesabu kuwa ugonjwa.

Hatua ya saba: rekebisha jambo moja kwa wakati

Ikiwa umethibitisha chanzo, badilisha kitu kimoja, andika tarehe, na usubiri siku tano hadi saba. Pale ambapo dalili zimechanganyika, kumwaga tangi lote na kuanza upya kwa maji yaliyopimwa, EC ya 1.8 na pH ya 6.0, ni salama kuliko kuongeza juu ya kilichomo. Hata tangi lisilo na tatizo mimi hulibadilisha maji kila baada ya siku 7 hadi 14, kwa kuwa sodiamu hubaki na kujikusanya huku lishe ikinywewa.

Kwa magnesiamu, gramu 10 za magnesiamu salfeti katika lita 100 huongeza takriban miligramu 10 kwa lita, na mmea uliolemewa unaweza pia kunyunyiziwa majani kwa gramu 10 hadi 20 kwa lita, taa zikiwa zimezimwa. Kwa chuma, rekebisha pH kwanza na usubiri. Ikibidi, gramu 1 ya chuma cha DTPA chenye asilimia 11 katika lita 100 huongeza kama miligramu 1.1 kwa lita. Kwa kalsiamu, anza na feni, kushusha EC na kupunguza potasiamu, kisha ndipo ufikirie kalsiamu nitrati, ukijua kwamba inaongeza naitrojeni pia. Boroni usiikadirie kwa kijiko: mpaka kati ya inayotosha na inayoua ni mwembamba, na mbolea kamili ya madini madogo hukidhi haja.

Mmea usipoitikia baada ya marekebisho mawili, peleka majani maabara yakapimwe, ukichagua jani changa kuliko yote yaliyokwisha kukomaa, na ufungashe kando majani ya mmea wenye afya na ya mmea mgonjwa ili vipimo vilinganishwe. Maafisa wa kilimo wa kaunti, au kituo cha KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya) kilichoko Mtwapa, wanaweza kuulizwa kuhusu pa kupeleka.

Siku ya saba, usilitazame jani lililokuwa la manjano, kwa sababu lililokwisha kuungua haliwi zima tena. Tazama majani mawili yaliyofunguka tangu uliporekebisha na kichala kinachochanua sasa. Yakiwa na rangi sawa na maua yanashika, acha tangi kama lilivyo. Yakitoka na dalili ileile, rudi kwenye hatua ya kwanza na uanze kwa kupima maji yaliyoletwa juma hilo.